PICHA ZA ZANA ZA KALE ZA KARAKANA
(Maneno ya ndugu mmoja fundi katika mkutano wa wanachama)



Mimi si mpiga picha mwenye duka mjini. Ni fundi wa vyuma kama wengi wenu, na kamera nimeishika uzeeni. Nimeombwa niseme habari za kupiga picha zana za kale, picha zile za rangi nyeusi na nyeupe. Labda wengine mwajiuliza: jambo hili lahusu nini chama cha wafanya kazi? Nitawaeleza.

Katika karakana moja niliyofanya kazi zamani, ambayo jina lake silitaji, palikuwa na tindo kuukuu. Kichwa chake kilikuwa kimegongwa nyundo miaka mingi hata kikatanuka pande zote kama uyoga. Kila fundi ajua hatari ya kichwa cha namna hiyo: kipande huruka. Siku moja kikaruka, kikamwingia mwenzetu katika jicho la kulia. Jicho lile halikuona tena. Ulipofika wakati wa kudai fidia, tindo haikupatikana. Ilikuwa imekwisha kuuzwa pamoja na vyuma chakavu. Tukaambiwa kwamba zana zote zilikuwa nzima. Wao walikuwa na daftari, sisi tulikuwa na maneno matupu.

Tangu siku ile nikajua kwamba picha ya tindo si mchezo.

Sasa sikilizeni habari ya Mmarekani mmoja, Walker Evans, aliyezaliwa mwaka 1903 na kufariki mwaka 1975. Mwaka 1946 alisimama kando ya njia mjini Detroit akawapiga picha wafanya kazi wakipita, mmoja mmoja. Kisha, Julai 1955, gazeti la Fortune likachapa picha zake tano za zana za mkono: koleo la mdomo mwembamba, mkasi wa kukatia bati, spana, mwiko wa mwashi, na chombo cha kufungulia masanduku. Zilikuwa zana za kawaida, za kununuliwa dukani, na bei ya kila moja iliandikwa pamoja na picha yake. Hakuweka pambo lolote. Kila zana ilikuwa peke yake, mbele ya karatasi tupu, ikaonekana ina heshima yake. Fortune lilikuwa gazeti la matajiri wenye makampuni, nao wakatazamishwa mwiko wa mwashi!

Lakini mimi nasema zana zetu zina jambo moja ambalo zile za dukani hazina. Zetu zina alama ya mkono. Tazameni mpini wa randa ya fundi seremala aliyeitumia miaka ishirini: mahali pa kidole gumba pamelika, pamekuwa laini kama kijiko. Hiyo ndiyo hati ya kazi yake, wala haikuandikwa na karani.

Kwa nini nyeusi na nyeupe? Kwa sababu kutu nyekundu na mpini uliopakwa rangi huvuta jicho kwanza. Ukiondoa rangi, hubaki umbo, mwanga na kivuli. Hapo ndipo ufa huonekana, na meno ya tupa yaliyokwisha.

Namna ya kufanya ni hii. Weka zana juu ya karatasi ya rangi ya kijivu, karibu na dirisha, mahali pasipopigwa na jua moja kwa moja. Mwanga uje kutoka upande mmoja, nao utapita juu ya chuma na kuonyesha kila mkwaruzo. Usitumie taa ya kamera, maana humulika usoni na kuvifuta vivuli. Upande wa pili simamisha karatasi nyeupe ili giza lisizidi. Futa vumbi, lakini usisugue kutu wala usipake mafuta, kwani utafuta habari yenyewe. Kamera itazame chini moja kwa moja, isiinamie upande. Weka rula kando ya zana ili ukubwa wake ujulikane.

Simu ya mkono yatosha. Lakini kama picha ni ya ushahidi, tunza pia ile ya rangi, usiirekebishe hata kidogo. Rangi ya samawati juu ya chuma yaweza kuonyesha kwamba kilipata moto mwingi. Andika tarehe, mahali, na jina la aliyeitumia zana hiyo, kwa ruhusa yake. Picha isiyo na jina ni ya chuma tu. Yenye jina ni ya mtu.

Tena, ndugu zangu, tusidanganyane. Picha haizuii kipande kuruka. Ukiona tindo yenye kichwa cha uyoga, kwanza iondoe kazini, mwambie msimamizi na mjumbe wa chama, ndipo upige picha. Hapa Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atunze vyombo vya kazi visiwe na hatari. Picha yako itamkumbusha.

Basi kila tawi lianze na zana kumi, kabla mnunuzi wa vyuma chakavu hajafika na mizani yake. Yeye hupima kilo. Miaka yetu haimo katika mizani ile.