Kichupa Kimoja, Njia Mbili: Muuguzi, Dawa na Sheria Mkoani Katavi



Tuanze na mtoto wa kilo 12 mwenye malaria kali. Anatakiwa kupata artesuneti, miligramu 3 kwa kila kilo, yaani 36. Kichupa kina unga wa miligramu 60. Muuguzi anauyeyusha kwa mililita 1 ya bikabonati, kisha njia zinaachana. Dawa ya mshipa huongezwa mililita 5 za maji ya chumvi, na mtoto huyu huchomwa mililita 3.6. Ya msuli wa paja huongezwa mililita 2 tu, naye huchomwa 1.8. Muuguzi akichanganya kwa ajili ya mshipa kisha akavuta kipimo cha msuli, mtoto kapata nusu dozi, na hakuna atakayejua. Faili litasomeka tu kwamba amepewa artesuneti.

Dawa hii tuliipokea kwa sababu nzito. Utafiti wa AQUAMAT, uliochapishwa mwaka 2010, ulihusisha watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwemo. Waliotibiwa kwa kwinini walikufa asilimia 10.9; kwa artesuneti, 8.5. Tofauti hiyo ni watoto hai, nayo ilipatikana kwa dozi kamili.

Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inamtaka muuguzi awe amesajiliwa na awe na leseni, na Baraza la Uuguzi na Ukunga linaweza kumwajibisha. Kusema "daktari ndiye aliyeandika" hakumvui wajibu. Basi anayewajibishwa ana haki ya kuuliza. Mwandiko usiposomeka, au dozi ikimtia shaka, amrudie aliyeandika hata kama ni usiku wa manane. Asiitwe mkaidi kwa hilo.

Hapa Katavi kuna jambo jingine, nalo ndilo linalonikosesha usingizi zaidi: rufaa. Kutoka Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, hadi hapa Mpanda ni zaidi ya kilomita 100. Zahanati humchoma mtoto dozi ya kwanza msulini, kisha anapakiwa garini. Ya pili inatakiwa baada ya saa 12, ya tatu baada ya saa 24. Barua ikisema "kachomwa sindano" bila jina la dawa, kipimo, njia wala saa, muuguzi wa zamu Mpanda arudie au asubiri? Amuulize mama. Mama atakumbuka kwamba ilikuwa kabla ya magharibi, na jibu lake liandikwe kwenye chati.

Nawaomba waganga wafawidhi jambo moja. Kila dozi ya sindano ya mtoto ipigiwe hesabu na watu wawili, wa pili asionyeshwe jibu la wa kwanza. Aliye peke yake zamu ya usiku ampigie simu mwenzake wa kituo cha jirani, na jina la aliyehakiki liandikwe. Utaratibu huo uwekwe kwenye ratiba ya zamu na muda wa maongezi ulipwe na kituo, kwa maana leo muuguzi anatumia vocha yake.