Jua, Betri na Jenereta: Umeme wa Mchana na Usiku

(MUZIKI UNAINGIA, KISHA UNASHUKA)

MTANGAZAJI: Kama leo umelipa hela ili simu yako ichajiwe, mazungumzo haya ni yako.

Naongea nanyi kutoka Kakuma. Nilipokuwa sekondari, mama yangu aliuza samaki wa Ziwa Turkana. Friji yetu iliunganishwa kwenye jenereta ya jirani. Mvua zikanyesha, laga zikajaa, lori la dizeli halikufika. Siku ya tatu tulitupa samaki wote, na deni likabaki. Mama hakuuza samaki tena.

Wengine watasema: tuweke sola, tuachane na jenereta. Ni kweli, jua tunalo mpaka linatuchoma. Lakini jua linazama jioni, saa ile ile watoto wanapofungua madaftari, na mama mwenye uchungu anapokimbizwa zahanati.

Ndiyo maana kuna umeme wa mchanganyiko. Mchana, paneli za sola zinatoa umeme wa kutumia na kujaza betri. Usiku betri zinashika zamu. Mawingu yakikaa siku mbili na betri zikishuka, jenereta inawashwa kwa muda, kisha inapumzika. Dizeli inayotumika ni kidogo, hivyo lori likichelewa hamuingii gizani mara moja.

Penye upepo mzuri, upepo nao unasaidia. Ng'ambo ya ziwa letu, kule Loiyangalani, iko mitambo 365 ya upepo. Lakini umeme wake unasafiri zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa, kuingia kwenye gridi ya taifa. Kwa hiyo sisi tulio mbali na gridi tunafaa mitambo midogo iliyo karibu na watu, kama ule wa sola wa Kalobeyei. Hata huko Jordan, kambi ya Azraq inatumia umeme wa sola tangu 2017.

Sasa sikiliza vizuri. Betri ni kama dumu la maji. Tukinywa wote kwa kikombe, linafika asubuhi. Mmoja akifulia, wengine wanalala na kiu. Taa ndogo inakula wati 5. Pasi inakula kama wati 1,000, sawa na taa 200! Basi piga pasi mchana. Wenye mashine za kusaga na kuchomelea, fanyeni kazi jua likiwa kali. Na usijiunganishie waya kwa siri: unaweza kuua mtoto wako, na unaweza kuzimia mtaa mzima.

Mradi wa umeme ukija kwenye bloku yako, nenda mkutanoni, usiwaachie wazee peke yao. Uliza mambo matatu. Uniti moja ni bei gani? Ikiharibika, nani anatengeneza, na vijana wetu watafundishwa? Betri zikipungua, nani anakatiwa kwanza? Friji ya chanjo isiwe ya kwanza kuzimwa.

Mama yangu bado anayo ile friji. Siku hizi anaweka unga ndani, panya wasiufikie. Natamani kuiona tena ikiwa na samaki.

Tukutane wiki ijayo, saa kama hii.

(MUZIKI UNAPANDA)