BANDARI YA LAMU NA HAKI YA WAVUVI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wafanyakazi wa reli)



Sisi watu wa reli twapata riziki yetu kwa bandari. Meli isipotia nanga, mabehewa hayana mzigo. Kwa hiyo hatukuja kupinga bandari mpya. Twataka kuwakumbusha habari za wavuvi wa Lamu, maana haki yao na yetu ni moja.

Kazi ya bandari ya Lamu ilizinduliwa mwaka 2012, na gati la kwanza likafunguliwa mwaka 2021. Ili meli kubwa zipate kuingia, chini ya bahari palichimbwa, maji yakachafuka, na mikoko ikakatwa. Mvuvi wa Lamu ana mashua ndogo, nyavu na madema. Huvua karibu na pwani, penye mikoko na matumbawe, ndipo samaki wanapozaliana. Pakiharibika hapo, hawezi kuwafuata kilindini. Chombo chake hakistahimili mawimbi ya huko.

Wenzetu hawakurusha mawe. Walishikamana, wakaenda mahakamani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ikasema wenyeji hawakushauriwa ipasavyo, ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Tazameni, ndugu: miaka 6 ya kungoja hukumu tu! Na watoto hawali hukumu.

Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Bandari ni mgeni. Je, mwenyeji amepona?

Tena, mpango wa bandari ile una reli ndani yake. Siku itakapojengwa, huenda sisi ndio tutakaopelekwa huko. Tusije tukala mshahara juu ya njaa ya jirani.

Basi twaomba chama chetu kiulize maneno 3 kabla ya kazi yo yote ya pwani. Kwanza, wenyeji wameulizwa kabla mashine hazijafika? Pili, vijana wao watafundishwa ufundi, au watapewa ukibarua tu? Tatu, bahari itatunzwaje ili wajukuu nao wavue?

Mali ya bahari ikigawanywa kwa upendeleo huleta ugomvi. Na bahari ikifa, hakuna cha kugawana.

Hayo ndiyo maneno yetu.