Kifaa Kikikataa Kuingia, Usikilazimishe

Mazungumzo ya fundi mwalimu wa baiskeli kwa wanaomaliza mafunzo ya karakana



Hapa kambini baiskeli ndiyo gari letu. Inabeba madumu ya maji, inabeba kuni na unga wa mgao, na usiku inabeba mgonjwa hadi zahanati. Wengi wenu mnaitengeneza wenyewe kwa sababu fedha ya kumlipa fundi hakuna. Hilo ni jambo jema. Leo tuzungumze juu ya saa ile ngumu: umekwisha kununua kifaa, umeketi chini na spana yako, nacho kinakataa kuingia.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa bado najifunza, jirani mmoja aliniletea baiskeli aliyokuwa akichuuzia maji. Nilikuwa nafunga pedeli ya kushoto, ikakataa. Nikachomeka bomba kwenye spana ili nipate nguvu, nikavuta. Iliingia, lakini iliingia kwa kukata nyuzi za krenki. Siku ya tatu ikachomoka njiani, jirani yangu akaanguka na madumu yake. Goti lake lilipona. Krenki haikupona, na mpaka ilipopatikana nyingine familia ile haikuwa na kipato. Kumbe nilikuwa nimeshika pedeli ya kulia.

Kwa hiyo, kifaa kikikataa, weka nyundo chini ujiulize maswali manne.

1. JE, NINAZUNGUSHA UPANDE SAWA?
Pedeli ya kulia hukazwa kama nati ya kawaida. Ya kushoto hukazwa kinyume. Nyingi zina herufi: R ni ya kulia, L ni ya kushoto. Njia rahisi ya kukumbuka ni hii: spana ikiwa imesimama juu ya pedeli, ukiisukuma kuelekea gurudumu la mbele unakaza, kuelekea la nyuma unafungua. Ni hivyo pande zote mbili. Tena anza kwa vidole. Ikikataa hata mizunguko mitatu ya vidole, usilete spana. Itoe, uangalie.
Kikombe cha krenki upande wa mnyororo, katika baiskeli kubwa za mtindo wa Kiingereza, nacho kina nyuzi za kinyume. Wengi hukivunja wakidhani wanakifungua.

2. JE, KIPIMO NI CHENYEWE?
Usiamini macho. Tairi ya 26 x 1.75 na ya 26 x 1¾ kwa hesabu ni sawa, lakini rimu zake ni tofauti na haziingiliani. Tafuta namba ya milimita ubavuni mwa tairi. Baiskeli nyingi kubwa za 28 x 1½ huwa na 635; zile za 26 x 1⅜ huwa na 590; zile za 26 x 1.75 huwa na 559. Namba hiyo lazima ilingane na ya rimu. Tairi iliyo kubwa kidogo huingia kwa urahisi, na hapo ndipo hatari ilipo: itatoka kwenye mteremko, mtoto akiwa kwenye keria.
Gololi nazo ni hivyo. Mara nyingi gurudumu la nyuma na krenki hutumia za robo inchi, na gurudumu la mbele hutumia za 3/16. Usichanganye mpya na za zamani katika kikombe kimoja, maana zilizo kubwa ndizo zitakazobeba mzigo wote. Jaza kikombe, kisha acha nafasi ya gololi moja ili zizunguke.

3. JE, NI PASAFI?
Chembe ya mchanga au kutu yatosha kuzuia nyuzi. Safisha kwa mafuta ya taa na brashi ya waya, pangusa, paka grisi kidogo, ujaribu tena. Mara nyingi ugonjwa wote ulikuwa huo.

4. JE, MWENZAKE AMECHAKAA?
Mnyororo mpya juu ya meno yaliyolika utaruka, hata ukiwa wa kipimo sawa. Si kosa la mnyororo. Na pedeli mbili zisipokaa katika mstari mmoja, angalia pini za krenki: zinapaswa kuingia kwa kupingana, nati ya moja ikitazama juu, ya nyingine chini. Pini ikiwa nene, punguza bapa lake kwa tupa, kidogo kidogo, huku ukijaribu. Igonge taratibu krenki ikiwa imeegemezwa juu ya kitu kigumu. Nati kazi yake ni kuizuia isirudi tu. Usiitumie kuvutia pini.

Ndugu zangu, mkienda sokoni chukueni kifaa cha zamani mkononi, mkilinganishe na kipya kabla ya kulipa. Na kabla ya kumrudishia mtu baiskeli yake, ipandeni ninyi wenyewe, mjaribu breki, kisha mkaze nati tena.

Kifaa kinachokataa kina jambo kinakuambia. Kisikilize kwanza. Dakika kumi za kuangalia ni nafuu kuliko krenki moja, na krenki ni nafuu kuliko mguu wa mtu.