Nasaha kwa Watunza Hifadhidata juu ya Nafasi Inayopotea Diskini



Hutokea diski ya kompyuta kuu ikakaribia kujaa, mtumishi akafuta kumbukumbu nyingi za miaka iliyopita, kisha akastaajabu kuona nafasi haikuongezeka. Hudhaniwa kuwa mashine ina hitilafu. La, ndivyo programu ya PostgreSQL ilivyoundwa. Mstari unapofutwa hauondoki mahali pake, na unaporekebishwa nakala mpya huandikwa na ile ya kale husalia, ili msomaji aliyekwisha kuanza kusoma asivurugiwe. Mabaki hayo ndiyo yanayovimbisha majedwali, na faharasa zake vile vile.

Amri ya VACUUM hufagia mabaki hayo. Tangu toleo la 8.3 la mwaka 2008 ufagiaji huo hujiendesha wenyewe, na kwa kawaida huanza mistari mifu inapozidi 50 pamoja na asilimia 20 ya jedwali. Lakini nafasi iliyosafishwa hubakia ndani ya jedwali lile lile kungojea mistari mipya. Hairudi diskini, isipokuwa kurasa tupu zilizo mwishoni kabisa. Tena haufagii kitu ambacho muamala uliofunguliwa bado waweza kukihitaji. Muamala mmoja ulioachwa wazi tangu asubuhi, mwenyewe akaenda zake, huzuia usafi wa majedwali mengi. Hilo lichunguzwe kwanza.

Mara nyingi faharasa ndizo zenye uvimbe mkubwa. Amri ya REINDEX CONCURRENTLY, iliyoletwa na toleo la 12 mwaka 2019, huzijenga upya pasipo kuwasimamisha wanaoandika. Ikikatika katikati huacha faharasa mbovu, nayo yapasa iondolewe.

Ama VACUUM FULL, hiyo huliandika jedwali zima upya na kurudisha nafasi diskini. Lakini huhitaji nafasi ya nakala ya pili kabla ya ile ya kale kuondoka, na muda wote huo jedwali hufungwa, hata msomaji hapiti. Anayengoja diski ijae ndipo aitoe, ataikosa nafasi hiyo. Na akiitoa saa za kazi, mwananchi aliye dirishani akitaka cheti chake atasimama bure. Basi ifanywe usiku, baada ya kuchukua nakala ya akiba.

Mafaili ya pg_wal yasifutwe kwa mkono kwa hali yoyote, hata diski ikijaa pomoni. Kuyafuta ni kuiharibu hifadhidata yenyewe.