VIPIMO VYA AKILI NA NAFSI: MAMBO YA MSINGI KWA WATUMISHI NA WANANCHI

Yafuatayo ni maneno ya mazungumzo ya Afisa Habari wa Wizara mbele ya watumishi wa umma na wakazi wa kisiwa, mjini Nansio, Ukerewe.



Nimepewa jukumu la kueleza misingi ya upimaji wa kisaikolojia, yaani namna wataalamu wanavyopima akili na hali ya nafsi ya mwanadamu. Jambo hili lasikika kama la vyuoni, lakini kwa hakika limo majumbani mwetu. Kila siku tunapima watu bila ya kipimo. Mwalimu husema, "Mtoto huyu mzito." Jirani husema, "Yule amerukwa na akili." Mkuu wa ofisi husema, "Huyu kazi hii haiwezi." Maneno haya hutamkwa kwa dakika moja, na matokeo yake hudumu miaka mingi: mtoto huacha shule akaenda kuanika dagaa mwaloni, mgonjwa hufungiwa chumbani, na mtumishi hunyimwa nafasi aliyoistahili.

Kipimo kilichotungwa vema na kutumiwa vema huweza kuizuia hukumu ya haraka. Kipimo kibaya, au kizuri kilichotumiwa vibaya, huigongea hukumu hiyo mhuri wa kitaalamu, na hapo kuiondoa huwa vigumu zaidi. Kwa sababu hiyo hapana budi sisi tusio wataalamu tujue walau maswali ya kuuliza.

KIPIMO NI NINI?

Kipimo cha kisaikolojia ni mkusanyo wa maswali au kazi ndogo ndogo, zinazotolewa kwa kila mtu kwa namna ile ile, na majibu yake kupewa alama kwa kanuni ile ile. Kisha alama hizo hulinganishwa na za watu wengine wa umri na mazingira yanayofanana na ya mpimwaji. Kumbukumbu, umakini, hofu na huzuni havionekani kwa macho wala havishikiki kwa mkono; mtaalamu hupima dalili zake, kisha akakisia kilicho nyuma ya dalili hizo.

Aidha, kupima si sawa na kutathmini. Kupima ni kupata alama. Kutathmini ni kuikusanya alama hiyo pamoja na mazungumzo na mhusika, historia yake, taarifa za wazazi au mwalimu, uchunguzi wa daktari, na yale mtaalamu aliyoyaona mwenyewe. Alama moja peke yake haitoshi kuamua maisha ya mtu.

Wengi wetu hapa tunaishi kwa samaki, basi natuitazame mizani ya mwaloni. Mvuvi anapopimiwa sangara wake ana maswali matatu. La kwanza: je, samaki yule yule akipimwa mara mbili, mizani itatoa uzito ule ule? Wataalamu huita sifa hii uthabiti. La pili: je, chombo hiki kinapima kweli kile kinachodaiwa kupimwa? Futi hata iwe sahihi namna gani haitakupa kilo. Sifa hii huitwa uhalali wa kipimo. La tatu: je, mizani imelinganishwa na mawe ya nani? Kipimo cha akili nacho hulinganishwa na kundi fulani la watu. Kikilinganishwa na watoto wa mjini London, kisha kikaletwa kwa mtoto wa Ukara bila ya kurekebishwa, mizani hiyo haijahakikiwa kwa matumizi ya hapa.

VIPIMO VILIANZAJE?

Mwaka 1905, mjini Paris, Alfred Binet na mwenzake Théodore Simon walitoa kipimo cha kuwatambua watoto waliohitaji msaada wa pekee darasani. Angalieni nia: kipimo kilitungwa ili mtoto asaidiwe. Binet mwenyewe alikataa kuichukulia akili kuwa kitu kisichobadilika kilichokwisha kukatwa kwa kila mtu.

Waliokuja baadaye hawakuishika nia hiyo wote. Hapa kwetu Afrika Mashariki, katika miaka ya 1930, Daktari H. L. Gordon wa hospitali ya Mathari, Nairobi, alidai kwamba ubongo wa Mwafrika umepungukiwa kwa maumbile, na madai hayo yakatumiwa katika mijadala ya elimu na utawala wa kikoloni. Kumbe tatizo lilikuwa katika mizani na katika nia ya aliyeishika.

Uthibitisho mmoja ulipatikana Embu, nchini Kenya. Watafiti walilinganisha alama za watoto wa shule waliopimwa mwaka 1984 na za wengine wa umri huo waliopimwa mwaka 1998, kwa kipimo kile kile cha kukamilisha michoro. Katika miaka 14 alama zilikuwa zimepanda sana. Damu ya watu haibadiliki kwa miaka 14. Watafiti walizitaja sababu ambazo yamkini zilileta mabadiliko hayo: lishe iliyoboreka, wazazi wengi zaidi kujua kusoma, na familia kuwa na watoto wachache zaidi.

MAFUNZO KUTOKA ZIWANI NA PWANI

Ng'ambo ya ziwa letu, katika kijiji cha Waluo karibu na Kisumu, Robert Sternberg wa Marekani na wenzake, akiwemo Profesa Frederick Okatcha wa Kenya, waliwapima watoto 85 wenye umri wa miaka 12 hadi 15. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001. Pamoja na vipimo vya kawaida vya shule, watoto waliulizwa juu ya dawa za mitishamba zinazotumika kijijini: mtu akiwa na dalili hizi, apewe majani gani na kwa namna gani? Maarifa hayo watoto wa pale huyahitaji kweli, kwani maradhi ya minyoo na mengineyo huwasumbua mara kwa mara.

Ilionekana kwamba watoto waliojua zaidi dawa hizo, kwa wastani, ndio waliopata alama za chini zaidi katika msamiati wa Kiingereza na masomo ya shule. Je, watoto hao ni wajinga? La hasha. Watafiti walieleza kwamba yawezekana baadhi ya familia huweka nguvu zao katika elimu ya darasani, na nyingine katika maarifa ya nyumbani, na mtoto hukua kule anakoelekezwa. Kipimo cha darasani kilikuwa hakioni nusu ya yale waliyoyajua watoto hao. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Mfano wa pili ni wa nchini mwetu, Bagamoyo, na ulichapishwa mwaka 2002. Watoto wa shule za msingi zaidi ya 400 walipewa kazi za kufikiri, kama vile kupanga kadi kwa makundi na kugundua jambo kwa kuuliza maswali machache. Kisha wengi wao wakafundishwa kwa muda mfupi mbinu za kazi hizo, wakapimwa tena. Waliofundishwa walipanda kuliko wale ambao hawakufundishwa. Tena, alama ya kwanza haikutosha kubashiri ni nani atakayefanya vizuri baada ya kufundishwa. Mtoto ambaye hajawahi kukutana na kazi ya namna ile hupata alama ya ugeni wake, wala si alama ya uwezo wake. Mwalimu anayetaka kujua kama mtoto anaweza kujifunza, amfundishe kwanza, ndipo ampime.

KABLA YA KUPIMA AKILI, PIMA MACHO, MASIKIO NA AFYA

Ndugu wananchi, hapa Ukerewe tunao ndugu zetu wengi wenye ualbino. Kwa kawaida ualbino huambatana na uoni hafifu, kwa kuwa jicho lenyewe hukosa rangi inayohitajika likikua. Mtoto wa namna hiyo akikaa nyuma ya darasa haoni ubaoni. Akikosa kunakili, huitwa mvivu. Akifeli jaribio, huitwa mzito. Kumbe kilichopimwa ni umbali wa dawati kutoka ubaoni. Baraza la Mitihani la Taifa huandaa karatasi za maandishi makubwa na kutoa muda wa ziada kwa watahiniwa wenye uoni hafifu. Ikiwa mtihani wa taifa unafanya hivyo, sembuse jaribio la kila wiki la darasani? Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 nayo inalinda haki ya watoto hawa ya kupata elimu.

Ni vivyo hivyo kwa mtoto asiyesikia vizuri, na kwa mtoto mwenye kichocho. Maradhi haya ya ufukweni huleta upungufu wa damu na uchovu, na mtoto aliyechoka huonekana hana akili. Dawa yake ipo, na hugawiwa mashuleni kwa vipindi maalumu. Mzazi asimfiche mtoto siku ya dawa.

MASWALI YA HALI YA NAFSI

Vipo pia vipimo vya huzuni, hofu na msongo. Shirika la Afya Duniani lilitoa dodoso la maswali 20 ya kujibiwa ndiyo au hapana: je, unaumwa kichwa mara kwa mara, unalala vibaya, umepoteza hamu ya chakula, unalia kuliko kawaida? Lipo jingine la maswali tisa ya sonona, linalouliza juu ya majuma mawili yaliyopita, na alama zake huanzia sifuri hadi 27. Dodoso kama hizi hutumika kwa uchunguzi wa awali, na mwenye alama nyingi hupelekwa kwa mtaalamu ili achunguzwe kwa kina.

Lugha hapa ni jambo kubwa. Swali likitafsiriwa neno kwa neno huweza kupoteza maana, na mtu akajibu jambo jingine kabisa. Ndiyo maana tafsiri nzuri hufanywa na mtu mmoja, kisha mwingine akairudisha katika lugha ya awali, ili ionekane kama maana imebaki ile ile. Watafiti wa Dar es Salaam, akiwemo Dk. Sylvia Kaaya wa Muhimbili, walikwenda mbali zaidi. Mwaka 2008 walichapisha matokeo ya dodoso la maswali 19 lililotungwa kwa kufuata namna watu wa hapa wanavyoieleza dhiki yao. Nasi visiwani tukumbuke kwamba bibi aliyezoea Kikerewe, Kijita au Kikara huenda asiyaeleze ya moyoni mwake kwa Kiswahili cha ofisini.

Mazingira nayo yatazamwe. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kikitoka Bugolora, kilipinduka karibu na kufika Ukara, na watu zaidi ya 220 wakapoteza maisha. Mfiwa akiulizwa maswali yale tisa katika majuma ya kwanza, angepata alama kubwa. Halali, hali, analia. Huo ni msiba, na msiba wahitaji ndugu, majirani na muda. Lakini miezi ikipita naye bado hawezi kufanya kazi, hawezi kukaribia maji, wala hapati usingizi, basi asiambiwe "jikaze" tu. Mpimaji mwenye busara humwuliza mtu yaliyompata kabla ya kujumlisha alama.

Na jambo moja halingoji jumla ya alama: mtu akisema amewaza kujitoa uhai. Asikemewe, asiachwe peke yake, na afikishwe siku hiyo hiyo kwa mhudumu wa afya.

HAKI ZA ANAYEPIMWA

Watumishi wenzangu, yeyote anayepimwa aelezwe kwa nini anapimwa, nani atayaona majibu, na yatatumika kwa uamuzi gani. Aridhie kwa hiari. Kwa mtoto, mzazi au mlezi aridhie. Majibu ni siri: hayasomwi mkutanoni wala hayabandikwi ukutani. Mpimaji awe amefunzwa. Mpimwaji naye ana haki ya kuelezwa matokeo kwa lugha anayoifahamu, na ya kuomba apimwe upya iwapo siku ile alikuwa mgonjwa au hakuelewa.

Kwa hiyo wananchi mnakumbushwa haya. Mtoto akibaki nyuma kimasomo, zungumzeni na mwalimu na mpelekeni apimwe macho, masikio na afya kabla ya kumtoa shuleni. Mtu mzima akibadilika tabia, kukosa usingizi au kusema mambo yasiyoeleweka, mfikisheni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Kutoka huko anaweza kupewa rufaa ya kwenda hospitali ya wilaya, na ikibidi Bugando, Mwanza, ambako kuna idara ya magonjwa ya akili. Msimfunge kamba wala kumficha. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Nanyi walimu, waganga na maafisa, mtakapoletewa karatasi yenye alama ya mtu, ulizeni kwanza: kipimo hiki kilitungwa kwa ajili ya nani, kwa lugha gani, na mtu huyu atasaidiwa nini kwa kupimwa? Ikiwa hakuna msaada unaofuata, basi hapakuwa na sababu ya kumpima.