Chipukizi Abebeshwe Mzigo Lini?

Agosti 2023 timu ya Tabora, wakati ule ikiitwa Kitayosce, iliingia Uwanja wa Azam Complex kule Chamazi ikiwa na wachezaji wanane tu. Wengine iliowasajili walikuwa hawajaidhinishwa kucheza. Feisal Salum wa Azam akapachika mabao matatu, jumla yakawa manne kwa bila, na mchezo ukavunjika mapema kipindi cha kwanza kwa sababu wageni walipungua mno uwanjani.

Kufungwa ni sehemu ya mchezo. Kinachosumbua ni benchi tupu. Timu yenye vijana wake, walioandikishwa mapema na kufanya mazoezi pamoja na wakubwa, haiwezi kukosa watu kumi na moja.

Timu hiyo ikawa Tabora United, ikanusurika kushuka daraja kwa mechi za mchujo mwaka 2024, na Novemba mwaka huo huo ikaichapa Yanga 3-1. Mwaka 2025 ikaingia mikononi mwa Mamlaka ya Mapato, ikaitwa TRA United. Wanaotetea wakongwe hunitajia ushindi ule dhidi ya Yanga. Wana haki. Kikosi kile kilikuwa na wazoefu kama Heritier Makambo na Yacouba Songne, wote waliowahi kuvaa jezi ya Yanga yenyewe. Siku ngumu humtaka mtu aliyekwisha kuziona siku ngumu.

Lakini hao wazoefu walianzia wapi? Tabora ndiyo ingepaswa kulijua jibu kuliko mji mwingine wowote. Misafara ya karne ya 19, kutoka pwani hadi Unyanyembe na kuendelea Ujiji, ilibebwa na mabega ya Wanyamwezi, na kwa kijana safari ya pwani ilikuwa kipimo cha uanaume. Hakubebeshwa pembe kubwa siku ya kwanza, wala hakuachwa nyumbani mpaka mabega yakomae. Alifuata njia ile ile, na mzigo mdogo, nyuma ya watu walioijua. Mbele alikwenda kirangozi, na hiyo haikuwa kazi ya mgeni wa njia.

Makocha wetu wengi hufanya kinyume. Kijana huketi benchi msimu mzima, kisha timu inapokuwa shimoni, mechi tatu zimebaki, ndipo anaitwa akaiokoe. Akikosea, husemwa kwamba hajaiva. Huyo ameonewa! Wakati wa kumwingiza ni pale pointi zinapotosha kulipia makosa yake: dakika ishirini za mwisho timu ikiongoza, au mechi ya nyumbani katikati ya msimu, pembeni yake akiwepo beki mkongwe wa kumpigia kelele. Kama nafasi hiyo haipo, aazimwe timu ya daraja la chini acheze kila wiki. Benchi halimkuzi mtu.

Na mkongwe apimwe kwa miguu aliyonayo leo. Mabao ya miaka minne iliyopita yalikwisha kulipwa.

Mbwana Samatta alikuwa na miaka 18 Simba ilipomwamini katika mechi za Afrika dhidi ya TP Mazembe mwaka 2011. Mazembe wakamnunua. Mwaka 2015 akawapa ubingwa wa Afrika. Angesubiri zamu yake hadi 23, nani kule Lubumbashi angemjua?

Mwaka 2022 michezo ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, ilifanyika hapa hapa Tabora. Kijana aliyekuwa na miaka 16 siku zile ana umri wa ligi kuu sasa. Sheria inaruhusu wageni 12 kwa timu, na siwapingi. Ninachoomba uongozi wa TRA United, kabla dirisha lijalo la usajili halijafunguliwa, ni jambo dogo: utaje kwa majina vijana wa mkoa huu walio kikosini, na kila mmoja amecheza dakika ngapi.